Belize kwa Wawili: Fungate Iliyokwama Kaunta

Watu wakituuliza fungate tulikwenda wapi, mume wangu hujibu haraka kabla sijafungua mdomo: "Tulifika mpaka kaunta." Wanacheka, na mimi nacheka nao, ingawa siku yenyewe hakuna aliyecheka.

Ilikuwa hivi. Tulichanga miaka miwili. Nusu ya hela ilitoka kwenye akaunti yetu ya pamoja, nusu kwenye mchezo wa ofisini ambao niliisubiri zamu yangu kama mtoto anavyosubiri Idi. Zanzibar tulishakwenda tukiwa wachumba. Mombasa tuna ndugu, na fungate nyumbani kwa shangazi si fungate. Dubai kila mtu anakwenda. Mimi nikataka Belize, kisa picha moja tu: lile shimo la bluu iliyokolea katikati ya bahari, duara kama limechorwa kwa bikari. Mwenzangu aliuliza swali moja, "Una uhakika na mambo ya visa?" Nikamjibu kwa ile sauti ambayo wake wapya tunaijua: "Nimeshapanga kila kitu."

Wakala aliyetukatia tiketi alisema tunapita Miami, "transiti tu, hamtoki nje ya uwanja." Tukafika na mabegi mapya mawili na shemeji watatu waliokuja kutusindikiza, mmoja ana kamera. Dada wa kaunta akafungua paspoti zetu, akazipekua mbele na nyuma, akauliza kwa upole, "Visa ya Marekani iko wapi?" Nikamwambia hatuendi Marekani, tunapita. Akanitazama kwa huruma. "Dada, Marekani hakuna kupita tu."

Na ndivyo ilivyo. Ukitua Marekani, hata kama unabadilisha ndege ndani ya saa mbili, unapitishwa uhamiaji kama mgeni mwingine yeyote, na lazima uwe na visa. Mimi sikujua. Wakala ama hakujua ama hakujali. Ndege ikaondoka na viti vyetu viwili vitupu. Hela ya tiketi haikurudi, ya chumba tulichokuwa tumelipia nayo haikurudi. Tulirudi nyumbani, tukafunga mapazia, tukazima simu siku nne nzima ili watu wadhani tuko Karibi. Siku ya tatu ndiyo tuligombana, tena ugomvi wa kweli, na ndani yake lile swali lake la "una uhakika?" lilirudi mara nyingi kuliko nilivyoweza kuvumilia.

Tulikwenda mwaka uliofuata. Kwa hiyo haya unayosoma yameshalipiwa, na aliyelipa ni mimi.

Belize yenyewe ni wapi?

Usione haya kuuliza, hata mama mkwe alidhani ni Brazil. Belize iko Amerika ya Kati. Kaskazini imepakana na Mexico, magharibi na kusini na Guatemala, na mashariki yote ni Bahari ya Karibi. Eneo lake halifiki kilomita za mraba 23,000, yaani ni ndogo kuliko mkoa wetu wa Pwani, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu pungufu kidogo ya laki nne. Temeke peke yake inawazidi mara tatu.

Majirani wote wanazungumza Kihispania, lakini Belize lugha rasmi ni Kiingereza, kwa sababu ilikuwa koloni la Waingereza, ikiitwa Honduras ya Uingereza, mpaka jina likabadilishwa mwaka 1973 na uhuru ukapatikana tarehe 21 Septemba 1981. Mtaani utasikia zaidi Kikrioli, ambacho mwanzoni kinasikika kama Kiingereza kilichokimbizwa, halafu siku ya pili masikio yanafunguka. Jiji kubwa ni Belize City, ila mji mkuu ni Belmopan. Kimbunga Hattie kiliipiga Belize City vibaya mwaka 1961, serikali ikaamua kujenga makao mapya ndani ya nchi, mbali na bahari, ikahamia mwaka 1970. Wa Dodoma mtaelewana nao.

Njia ndiyo safari

Hapa naomba usome taratibu, ikiwezekana mkiwa wote wawili.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki kwenda Belize. Lazima ubadilishe ndege mara mbili, pengine tatu, na kila unapobadilisha kuna nchi yenye sheria zake. Belize yenyewe si kikwazo kikubwa: raia wa nchi nyingi za Jumuiya ya Madola huingia bila kuomba visa, na kwa kawaida mgeni hugongewa siku 30. Hata hivyo usitegemee maneno ya mtu, awe wakala au mimi. Iandikie idara ya uhamiaji ya Belize, taja uraia wako, pata jibu la maandishi, lichapishe, litie kwenye faili. Mtu wa kaunta hapa nyumbani hajawahi kufika Belize, na karatasi mkononi inamsaidia yeye pia.

Shida iko njiani. Njia ya Marekani ndiyo yenye ndege nyingi zaidi, kupitia Miami, Houston na Atlanta. Ukiwa na visa halali ya Marekani mambo yamekuwa mepesi kwa miaka mingi, tena visa hiyo hiyo Mexico huikubali badala ya visa yao, hivyo unaweza kutua Cancún ukashuka kwa basi hadi Chetumal na kuvuka mpaka kwa nchi kavu. Lakini tangu mwaka 2025 Marekani imekaza masharti kwa nchi kadhaa za Afrika. Tanzania iliingizwa mwaka huo kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wanaweza kudaiwa dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000 wanapoomba visa ya matembezi. Kwa hiyo kabla hujaipigia hesabu njia hii, soma masharti ya mwezi huu huu. Ya mwaka jana aliyokuambia binamu yako hayakusaidii.

El Salvador nayo ina ndege za kuunganisha, na tiketi zake huwa zinavutia kwa bei. Ngoja kwanza. Oktoba 2023 nchi hiyo ilianza kuwatoza abiria wa paspoti za nchi nyingi za Afrika, pamoja na India, ada ya dola 1,000 na kodi juu yake, jumla dola 1,130 kwa kichwa, hata kwa anayepita tu. Kwa wawili hiyo ni fungate nyingine kabisa. Ukiona tiketi ya bei poa inapitia San Salvador, piga simu shirika la ndege uulize ada hiyo imekaaje leo.

Sisi tulipita Amsterdam, kisha Panama, kisha Belize. Panama hatukutoka nje ya eneo la abiria wanaounganisha, na hapo ndipo penye siri. Ndege za Panama kwenda Belize si nyingi kama za kwenda Miami, na saa zisipopatana unajikuta unalala. Ukilala hotelini umeingia nchini, na ukiingia nchini, visa inahusika. Chagueni tarehe kwa kufuata ile ndege ya mwisho, siyo ya kwanza.

Jambo jingine ambalo nusura lituponze mara ya pili: tiketi zote ziwe kwenye nambari moja ya uhifadhi. Ukikata vipande viwili kwa sababu vimekuja rahisi mtandaoni, begi lako litaishia kituo cha kati, na ili ulichukue na kulikabidhi upya lazima upite uhamiaji. Mume wangu ndiye aliyeligundua hilo, saa sita usiku, akaniamsha. Safari hii tulikuwa tumegawana kazi: yeye njia na visa, mimi malazi na hela, na kila mmoja anakagua ya mwenzake kwa sauti. Si mapenzi ya kwenye sinema, lakini tuliondoka.

Paspoti iwe na miezi sita mbele. Tiketi ya kurudi iwepo. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima muwe nayo, kwa sababu mnatoka ukanda ambao chanjo hiyo huulizwa, na Kenya iko kwenye orodha ya nchi zenye ugonjwa.

Dola gani hiyo?

Fedha ya kule inaitwa dola ya Belize, na imefungwa kwa ya Marekani tangu miaka ya sabini: mbili zao kwa moja ya Marekani. Haipandi, haishuki. Dola za Marekani zinapokelewa kila mahali, mpaka kwa muuza matunda, hivyo huna haja ya kuhangaika na maduka ya kubadilisha. Mtego ni mmoja. Mtu akikwambia "dola thelathini", uliza za nani. Dereva wa teksi mwenye haraka na mgeni mwenye aibu wakikutana, bei inaweza kuzidishwa mara mbili bila mtu yeyote kusema uongo. Mimi aibu iliniisha siku ya kwanza.

Belize si nchi ya bei chee. Ukilinganisha na Guatemala jirani, kila kitu kiko juu, maana vingi vinaagizwa kutoka nje. Bei ya chumba unayoiona mtandaoni aghalabu haijaongezwa kodi ya hoteli ya asilimia 9, na mgahawani kuna kodi ya asilimia 12.5. Penye nafuu ni mabasi, yale mabasi ya zamani ya shule kutoka Marekani yaliyopakwa rangi upya. Hayana kiyoyozi, yanasimama kokote, muziki juu. Mtoto wa Dar hatakosa cha kuzoea.

Mkikodi gari, kumbukeni wanaendesha upande wa kulia, vibao vinahesabu maili, na matuta yapo kila kijiji, mengine hayana alama. Tuliwahi kurukia moja kwa kasi mpaka miwani yangu ikaenda kiti cha nyuma.

Kisiwani

Uwanja wa ndege wa kimataifa uko nje kidogo ya Belize City. Wageni wengi hawalali jijini, na sisi hatukulala. Kuna mitaa ya upande wa kusini wa jiji yenye magenge na silaha, na serikali imewahi kutangaza hali ya hatari katika baadhi ya maeneo hayo. Teksi za uwanjani ni rasmi, hukupeleka hadi gati la boti, na kutoka hapo Caye Caulker ni kama dakika 45 hadi saa nzima. San Pedro, kwenye kisiwa kikubwa cha Ambergris, ni mbali zaidi kidogo. Boti ya mwisho huondoka jioni mapema. Ndege yako ikitua alasiri sana, usijipe moyo, tafuta chumba karibu na uwanja.

San Pedro kuna hoteli kubwa, foleni za magari ya gofu na muziki mpaka usiku. Caye Caulker ni kadogo, barabara zake ni za mchanga, na kauli yao kisiwa kizima ni kwamba nenda pole. Sisi tulichagua Caulker siku nne na hatukujuta. Kisiwa kimekatika vipande viwili, kwenye mkondo wanaouita Split, na wenyeji watakwambia ni kazi ya Hattie yule yule. Watu hukusanyika hapo kuogelea na kutazama jua likizama.

Sasa niseme jambo ambalo vipeperushi havisemi: kwa fukwe, Belize haifui dafu kwa Zanzibar. Mwamba wa matumbawe unavunja mawimbi mbali huko nje, kwa hiyo ufukweni maji ni kimya, mafupi, sehemu nyingine yana majani. Na tangu takribani mwaka 2015 mwani wa kahawia unaosafiri na mkondo wa bahari umekuwa ukirundikana ufukweni, hasa miezi ya katikati ya mwaka, na ukioza unanuka. Jioni usubi wanauma kuliko mbu. Anayetaka mchanga mweupe wa kulala na kitabu aende Paje, atabakiwa na hela.

Kilichokupeleka Belize kiko chini ya maji. Mwamba wao wa matumbawe ni wa pili kwa urefu duniani baada ya ule wa Australia. UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1996, ikautia kwenye orodha ya hatari mwaka 2009, kisha ikauondoa kwenye orodha hiyo mwaka 2018, baada ya Belize kupitisha sheria ya kusimamisha utafutaji wa mafuta katika bahari yake yote. Nchi ndogo isiyo na hela nyingi ikaamua mafuta yakae huko huko chini. Niliwaza sana juu ya hilo nikiwa ndani ya boti.

Mimi siogelei. Msichana wa Magomeni, bahari ni ya kutazama. Tulikwenda hifadhi ya Hol Chan, iliyotengwa tangu mwaka 1987, na kiongozi wetu, kijana mpole, akanivisha jaketi la kuelea, akanipa boya nilishike, akanivuta taratibu kama mkokoteni. Nilipoingiza uso majini nikaona kasa anakula majani, hana habari na mimi. Mbele kidogo, mahali wanapopaita Shark Ray Alley, papa wa chini na taa walipita chini yangu wengi kama wako sokoni. Mume wangu aliyekuwa akijigamba tangu Dar akarudi kwenye boti kabla yangu. Hayo sisemi zaidi, anasoma gazeti hili.

Na lile shimo la bluu? Liko mbali, kwenye mwamba wa Lighthouse, upana wake kama mita 300, kina kinapita mita 120. Jacques Cousteau alilipa umaarufu mwaka 1971 alipokwenda na meli yake, Calypso. Lakini ukifika kwa boti huoni duara, unaona maji meusi tu. Wapiga mbizi wenye uzoefu hushuka mita arobaini hivi kutazama mawe yaliyoning'inia tangu enzi shimo lilipokuwa pango la nchi kavu. Duara la kwenye picha linaonekana kutoka angani tu, kwa ndege ndogo. Safari zote mbili zinakula mamia ya dola kwa kila mtu. Tulikaa kitandani na karatasi na kalamu, tukapiga hesabu, tukaliacha. Picha iliyotuponza hatukuiona.

Bara na mapango

Tulirudi bara kwa boti, tukapanda basi hadi San Ignacio, karibu na mpaka wa Guatemala, saa mbili na nusu hadi tatu hivi. Huku ndiko kwenye magofu ya Wamaya. Xunantunich ni rahisi kufika: unashuka kijiji cha San José Succotz, unavuka mto Mopan kwa kivuko ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikiendeshwa kwa kuzungusha mpini kwa mkono, kisha unapanda kilima. Jengo kubwa lina urefu wa mita kama 40, na ukiwa juu yake unaiona Guatemala.

Pango la Actun Tunichil Muknal ni habari nyingine. Huingii bila kiongozi mwenye leseni. Unaanza kwa kuogelea kwenye maji ya baridi mlangoni, halafu unatembea ndani ya maji gizani kwa taa ya kichwani, unajipenyeza kwenye nyufa, mpaka ukumbi wa juu ambako Wamaya walitoa kafara zaidi ya miaka elfu iliyopita. Vyungu viko palepale vilipoachwa, na mifupa ya watu iko palepale. Hapo unavua viatu, unatembea kwa soksi. Kamera zilipigwa marufuku mwaka 2012 baada ya mtalii kuangusha yake juu ya fuvu. Nafurahi zilipigwa marufuku. Kwa saa kadhaa hakuna anayepiga picha, mnashikana mikono kwa sababu mnahitaji, na mwenye woga wa sehemu finyu aseme kabla, asione haya. Siku ya mvua kubwa pango hufungwa, kwa hiyo usiliweke siku ya mwisho.

Kila wakala pale San Ignacio atakuuzia pia Tikal, mji mkubwa wa Wamaya ulio upande wa Guatemala, kwenda na kurudi siku moja. Wazungu wanapanda gari na kuondoka. Wewe mwenye paspoti yetu uliza kwanza visa ya Guatemala, na uulize ubalozi, siyo dereva. Sisi tulishikilia faili letu, tukawapungia mkono.

Kinu na mchi

Kutoka Belmopan barabara ya Hummingbird inashuka kusini-mashariki kati ya vilima na mashamba ya michungwa hadi Dangriga, na mbele kidogo ni kijiji cha Hopkins. Hii ni nchi ya Wagarifuna, na kama mna siku chache tu, punguzeni kisiwani mje huku.

Wagarifuna ni kizazi cha Waafrika na wenyeji wa asili wa kisiwa cha Saint Vincent. Waliwapiga vita Waingereza, wakashindwa, na mwaka 1797 wakapakiwa melini na kutupwa kisiwa cha Roatán, pwani ya Honduras. Kutoka hapo walisambaa. Kufika kwao Belize kunaadhimishwa kila tarehe 19 Novemba, ni sikukuu ya taifa, watu huingia kwa mitumbwi alfajiri na ngoma hupigwa usiku kucha. Lugha, ngoma na muziki wao vilitangazwa na UNESCO mwaka 2001 kuwa hazina ya binadamu. Tafuteni muziki wa Andy Palacio kabla hamjaondoka. Albamu yake ya Wátina ilitoka mwaka 2007, naye akafariki Januari 2008.

Tayari kisiwani nilishaanza kushangaa chakula. Asubuhi wanakula unga uliokaangwa ukavimba, wanauita fry jack, nikamwambia mume wangu andazi hilo limekosa iliki tu. Mchana wali na maharage vimepikwa pamoja kwa tui la nazi, na kuku wa mchuzi pembeni. Lakini Hopkins ndiko nilikokaa kimya. Tulijiandikisha kupika hudut nyumbani kwa mama mmoja mtu mzima. Alinipa nazi na cha kukunia. Akakamua tui, akalitia kitunguu na viungo, akatumbukiza samaki. Kisha akaburuta kinu cha mti na mchi, akaweka ndizi zilizochemshwa, akaanza kutwanga.

Nikaomba mchi. Nikatwanga kama nilivyofundishwa kwa bibi Bagamoyo, mkono mmoja, kisha mwingine. Yule mama akasimama, akanitazama, akauliza nimejifunza wapi. Nikamwambia kwetu. Akauliza kwetu wapi, nikamwambia Afrika, mashariki, pwani. Akaita watu. Waliingia wanne, watano, mmoja na mtoto kiunoni, wakaniambia nitwange tena. Mume wangu akapewa ngoma aishike, hajui kupiga, akapiga hivyo hivyo. Tulikula kwa mikono, tonge la ndizi linachovya mchuzi wa samaki, na hakuna aliyehitaji kufundishwa.

Kabla hamjafunga begi

Miezi mizuri ni Februari hadi Mei, ukavu. Msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba. Si utani: Kimbunga Lisa kilitua karibu na Belize City tarehe 2 Novemba 2022. Bei hushuka miezi hiyo, na mkienda basi muwe na bima inayotaja vimbunga kwa jina. Kamba koche huvuliwa kuanzia Julai hadi mwisho wa Februari, akikuuzia mtu Aprili ama amegandishwa ama ni wa magendo.

Umeme ni volti 110 na plagi ni bapa za Kimarekani. Chaja ya simu haina shida, ila pasi yangu ya nywele ya hapa nyumbani ilipata uvuguvugu tu, nikasuka. Saa zao ziko nyuma yetu kwa saa tisa: hapa ikiwa saa kumi na mbili alfajiri, kule ni saa tatu usiku wa jana. Mama akipiga asubuhi yake kuwajulia hali, atawakuta mezani.

Juni 2023 Shirika la Afya Duniani liliithibitisha Belize kuwa haina malaria. Dengue ipo, dawa ya mbu mchukue. Na hili shikeni sana: mkipata homa mkiwa kule, mwambieni daktari mapema kwamba mmetoka Afrika Mashariki na aombe kipimo cha malaria, kwa sababu yeye hatawaza kuitafuta na nyie mnaweza kuwa mmekwenda nayo.

Faili letu la plastiki bado liko kabatini, la kijani, limejaa mihuri na barua. Kurasa za mbele kabisa ni tiketi mbili za Miami ambazo hazikutumika. Nimeshajaribu kuzitupa mara mbili, mume wangu anazirudisha.